Tirke: Mserbia aliyepoteza fainali nne, ya tano akarudi na dhahabu

Kuna makocha wanakumbukwa kwa kombe moja tu maishani. Aleksandar Tirnanić ni wa aina nyingine kabisa. Huyu aliifikisha timu yake fainali, akafungwa. Akairudisha tena, akafungwa. Mara ya tatu, hali ile ile. Ya nne nayo ikaponyoka zikiwa zimebaki dakika saba tu.

Miezi miwili kamili baada ya kichapo hicho cha nne, akaingia fainali ya tano.

Kwao Belgrade walimwita Tirke. Kabla hajawa kocha alikuwa winga wa kulia, na alikuwa kwenye Kombe la Dunia la kwanza kabisa. Hii ndiyo safari yake.

Kijana kutoka Krnjevo

Tirnanić alizaliwa Julai 15, 1910, katika kijiji cha Krnjevo, Serbia. Nchi yenyewe wakati huo ilikuwa ufalme mdogo, na haikupita miaka mingi ikaingia kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Vita ilipoisha mwaka 1918, Serbia ikaungana na majirani zake na kuwa taifa jipya ambalo baadaye liliitwa Yugoslavia. Taifa hilo ndilo Tirke alilochezea na kulifundisha maisha yake yote.

Soka alilijulia Belgrade. Klabu iliyomtoa ni BSK, moja ya timu kubwa za jiji hilo enzi hizo. Pale alikutana na Blagoje Marjanović, mshambuliaji waliyempa jina la Moša. Wawili hao wakawa gumzo la mji. Ukitaja Moša, lazima umtaje Tirke.

Akiwa BSK alitwaa ubingwa wa Yugoslavia mara tano: 1931, 1933, 1935, 1936 na 1939. Timu ya taifa aliichezea mechi 50 na kuifungia mabao 12. Kwa zama zile, ambapo mechi za kimataifa zilikuwa chache na safari ni za treni na meli, mechi 50 si mchezo.

Safari ya meli kwenda Uruguay

Mwaka 1930 Uruguay iliandaa Kombe la Dunia la kwanza. Nchi nyingi za Ulaya zilikataa kwenda. Safari ya baharini peke yake ilikula zaidi ya wiki mbili, na klabu hazikutaka kuwakosa wachezaji wao kwa muda wote huo. Mwishowe Ulaya ilitoa timu nne tu: Ufaransa, Ubelgiji, Romania na Yugoslavia.

Yugoslavia yenyewe ilikwenda ikiwa nusu. Makao makuu ya chama cha soka yalikuwa yamehamishwa kutoka Zagreb kwenda Belgrade, na Wakroatia hawakukubali. Wachezaji wao wakagoma. Waliopanda meli walikuwa vijana wa klabu za Belgrade pamoja na wachache waliokuwa wakicheza soka Ufaransa.

Timu tatu zile nyingine za Ulaya zilisafiri pamoja kwenye meli moja. Wayugoslavia wao walikwenda kivyao, wakapanda meli ya Florida kutoka Marseille. Timu changa, haina Wakroatia, haijulikani ng'ambo. Nani angeipa nafasi?

Kundi lao lilikuwa na Brazil na Bolivia, na anayeongoza peke yake ndiye anayevuka.

Bao la siku moja kabla ya birthday

Julai 14, 1930, jijini Montevideo, Yugoslavia ilikutana na Brazil. Kesho yake Tirke alikuwa anatimiza miaka 20.

Dakika ya 21 akatupia wavuni. Lilikuwa bao la kwanza la Yugoslavia katika historia ya Kombe la Dunia, na mfungaji alikuwa bado hajafikisha miaka 20. Dakika tisa baadaye Ivan Bek akaongeza la pili. Brazil ikajitutumua kipindi cha pili ikapata moja kupitia Preguinho, lakini mpira ukaisha 2-1.

Bolivia nayo ikala nne bila. Vijana wa Belgrade wakawa timu pekee ya Ulaya iliyofika nusu fainali.

Huko wakakutana na wenyeji. Uwanja wa Centenario ulijaa pomoni. Yugoslavia ndiyo iliyotangulia kufunga, dakika ya nne. Baada ya hapo mambo yakageuka. Uruguay ilifunga mabao sita, na moja kati ya hayo bado linasimuliwa Serbia hadi leo: inadaiwa mpira ulikuwa umeshatoka, polisi aliyekuwa pembeni akaurudisha ndani kwa mguu, mwamuzi akaacha mchezo uendelee. Matokeo: 6-1.

Tirke alirudi nyumbani bila kombe. Lakini alikuwa ameshajua jambo ambalo wachezaji wengi wa Ulaya wa kizazi chake hawakuwahi kulijua, yaani joto la nusu fainali ya dunia mbele ya watu wa kwao mwenye uwanja.

Vita, na klabu kufutwa

Aprili 6, 1941, ndege za Ujerumani ziliishambulia Belgrade. Soka likasimama, na kwa baadhi ya wenzake likasimama moja kwa moja. Milutin Ivković, daktari na nahodha wa kikosi kile cha 1930, aliuawa na Wajerumani mwaka 1943.

Vita ilipoisha, Josip Broz Tito na chama chake cha kikomunisti wakashika nchi. Klabu za zamani zikavunjwa. BSK, timu iliyompa Tirke ubingwa mara tano, ikafutwa. Mahali ulipokuwa uwanja wake pakajengwa uwanja mpya wa jeshi, ambao ukawa nyumbani kwa Partizan.

Kwa hiyo Tirke alikuwa mtu wa enzi ya mfalme aliyejikuta katika nchi ya wakomunisti, huku klabu yake ikiwa imebaki jina tu. Wengi wa aina yake waliwekwa kando. Yeye hakuwekwa. Kuanzia mwaka 1946 alikuwa kwenye benchi la timu ya taifa, na pale alikaa, kwa vipindi tofauti, mpaka 1960.

Hapa kuna jambo la kuelewa. Yugoslavia ya wakati ule mara nyingi haikuwa na kocha mmoja mwenye sauti ya mwisho kama tulivyozoea sasa. Timu iliendeshwa na jopo la wateuzi, watu wawili watatu au zaidi waliokaa pamoja kuchagua kikosi. Nchi yenyewe ilikuwa ya makabila na jamhuri kadhaa, na kila upande ulitaka kuona watu wake. Wenzake kwenye jopo walibadilika mara kwa mara. Jina la Tirnanić likawa linarudi.

Fedha ya kwanza: London 1948

Olimpiki ya kwanza baada ya vita ilifanyika London. Yugoslavia ikatinga fainali, Wembley, Agosti 13, 1948. Mpinzani alikuwa Sweden.

Stjepan Bobek alisawazisha kabla ya mapumziko, ikawa 1-1. Lakini Sweden ilikuwa na Gunnar Gren na Gunnar Nordahl, washambuliaji ambao baadaye Italia nzima iliwajua. Gren alifunga mawili, Nordahl moja. 3-1.

Fainali ya kwanza, imekwenda.

Mechi ambayo haikuwa ya mpira tu

Wiki chache kabla ya michezo hiyo ya London, Juni 28, 1948, Stalin alikuwa ameifukuza Yugoslavia kutoka kwenye umoja wa vyama vya kikomunisti. Kosa la Tito lilikuwa kukataa kuamrishwa na Moscow. Kwa miaka iliyofuata nchi hizo mbili ziliishi kama maadui. Mipakani kulikuwa na wasiwasi, na magazeti ya pande zote yalikuwa yakirushiana matusi.

Sasa fikiria: Olimpiki ya 1952 nchini Finland, ratiba inaleta Yugoslavia dhidi ya Umoja wa Kisovieti.

Wasovieti walikuwa wanashiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza. Wayugoslavia walikuwa wameanza kwa kuipiga India 10-1. Julai 20, mjini Tampere, timu zikaingia uwanjani, na kila mtu alijua kinachopiganiwa si kuvuka raundi tu.

Kikosi cha Tirke kilianza kama moto wa kifuu. Rajko Mitić, Tihomir Ognjanov, Branko Zebec, Bobek, wote wakafunga. Nne bila. Baadaye ikawa 5-1, na muda uliobaki ulikuwa nusu saa hivi. Hapo wengi wangeanza kusherehekea.

Vsevolod Bobrov hakukubali. Nahodha huyo wa Wasovieti akafunga matatu. Bao moja baada ya jingine, 5-2, 5-3, 5-4. Dakika ya 89 kona, kichwa, wavuni. 5-5! Dakika za nyongeza zikaisha bila bao. Hapakuwa na mikwaju ya penalti siku hizo, ikabidi mechi irudiwe.

Hapa ndipo kazi ya kocha inapoonekana. Timu yako ilikuwa mbele kwa mabao manne na imeyapoteza yote. Mpinzani ndiye anayetembea kifua mbele. Nyumbani kuna serikali nzima inasubiri matokeo. Una siku moja tu katikati ya mechi hizo mbili.

Julai 22, mambo yakaanza vibaya zaidi. Dakika ya sita, Bobrov tena. 1-0.

Lakini safari hii Yugoslavia haikuporomoka. Mitić akasawazisha dakika ya 19. Bobek akafunga kwa penalti dakika ya 29. Zlatko Čajkovski akamaliza kazi dakika ya 54. 3-1.

Belgrade watu walimiminika mitaani. Moscow hasira zilikuwa kubwa. Klabu ya jeshi ya CDKA, iliyokuwa bingwa wa nchi, ikavunjwa, na kocha wake Boris Arkadiev, aliyeiongoza timu ile ya taifa, akavuliwa heshima yake ya kimichezo. Upande mmoja kufungwa mpira kulikuwa na adhabu ya serikali. Mtu akijiuliza Tirke na wenzake walibeba mzigo gani siku ile, jibu ni hilo.

Puskás na fainali ya pili

Denmark ikafuata, 5-3. Ujerumani Magharibi nayo, 3-1. Fainali Helsinki, Agosti 2, na mpinzani alikuwa Hungaria ya Ferenc Puskás, timu ambayo miaka ile karibu haikuwa na wa kuifunga.

Kipa Vladimir Beara alidaka penalti ya Puskás. Kwa dakika 70 Yugoslavia ilisimama imara. Kisha Puskás mwenyewe akapata njia, na Zoltán Czibor akaongeza la pili mwishoni. 2-0.

Fainali ya pili, imekwenda.

Mkosi unaitwa Ujerumani

Kombe la Dunia la 1954 nchini Uswisi, Yugoslavia iliifunga Ufaransa 1-0 na kutoka sare 1-1 na Brazil. Robo fainali ikakutana na Ujerumani Magharibi. Beki Ivan Horvat akajifunga mapema, Helmut Rahn akaongeza mwishoni. 2-0. Wajerumani hao ndio waliobeba kombe.

Miaka minne baadaye, Sweden 1958, robo fainali, Ujerumani Magharibi tena. Mfungaji? Rahn tena. 1-0. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba Mei mwaka huo huo Yugoslavia iliipiga England 5-0 pale Belgrade.

Katikati ya maumivu hayo mawili kulikuwa na Olimpiki ya Melbourne, 1956. Kikosi kilikuwa na vijana, akiwemo Dragoslav Šekularac, fundi ambaye baadaye Belgrade ilimpenda kupita kiasi. Marekani ikala 9-1. India ikatangulia kufunga katika nusu fainali kisha ikafungwa 4-1. Fainali, Desemba 8, walikuwa wale wale wa Tampere: Umoja wa Kisovieti. Anatoli Ilyin akafunga bao pekee.

Fainali ya tatu, imekwenda. Medali tatu za fedha mfululizo.

Mwaka 1960: majira mawili, miji miwili

Mwaka huo ulileta mashindano mapya, Kombe la Mataifa ya Ulaya, timu nne zikikutana Ufaransa kwa hatua ya mwisho. Tirke alikuwa kwenye jopo pamoja na Ljubomir Lovrić na Dragomir Nikolić.

Nusu fainali, Julai 6, Paris, dhidi ya wenyeji. Kipindi cha pili Ufaransa inaongoza 4-2. Mashabiki wanaimba. Kuanzia dakika ya 75 hadi ya 79, Yugoslavia ikafunga mabao matatu. Tomislav Knez moja, Dražan Jerković mawili. 5-4! Uwanja kimya.

Julai 10, fainali, uwanja ule ule. Na mpinzani ni nani? Wasovieti, wakiwa na Lev Yashin golini. Milan Galić akaipa Yugoslavia bao dakika ya 43. Slava Metreveli akasawazisha mara baada ya mapumziko. Mpira ukaenda dakika za nyongeza, na dakika ya 113 Viktor Ponedelnik akapiga kichwa. 2-1.

Fainali ya nne.

Hakukuwa na muda wa kulia. Olimpiki ya Roma ilikuwa inaanza mwishoni mwa Agosti. Vijana wengi waliokuwa Paris walipanda tena, Galić akiwemo.

Nusu fainali ilikuwa Naples dhidi ya Italia, timu iliyokuwa na Gianni Rivera na Giovanni Trapattoni wakiwa bado wadogo. Dakika 90, hakuna bao. Dakika za nyongeza, Galić akafunga, dakika mbili baadaye Italia ikasawazisha. 1-1. Safari hii hapakuwa na kurudia, ikaamuliwa kwa kura ya bahati. Watu waliotoka jasho kwa saa mbili wakasubiri bahati iwaamulie.

Bahati ikaangukia Yugoslavia. Baada ya miaka 12 ya kukosa, ilikuwa mara ya kwanza kitu kumwangukia Tirke bila kukihangaikia.

Septemba 10, Roma

Fainali ilikuwa dhidi ya Denmark, kwenye uwanja wa Flaminio. Watu hawajakaa vizuri, dakika ya kwanza, Galić keshafunga. Dakika ya 11 Željko Matuš akaongeza la pili.

Halafu ule mkosi ukataka kurudi. Galić akatolewa nje na mwamuzi, na Yugoslavia ikamaliza mechi na watu kumi. Yeyote aliyekumbuka 5-1 ya Tampere ikigeuka 5-5 alikuwa na haki ya kuogopa.

Hawakuteleza. Bora Kostić akafunga la tatu dakika ya 69, na bao la Denmark likaja mwishoni kabisa, halikubadilisha kitu. 3-1.

Miaka 30 baada ya bao la Montevideo, na miezi miwili kamili tangu kichapo cha Paris, Tirnanić alikuwa na dhahabu.

Alichoacha

Miaka ya Tirke na timu ya taifa ikafikia ukingoni. Kombe la Dunia la 1962 nchini Chile, Yugoslavia ilimaliza ya nne, na hatimaye iliwatoa Wajerumani robo fainali, lakini benchi lilikuwa la wengine.

Mavuno yake mengine yalitokea kwenye mabenchi ya nchi za watu. Čajkovski aliipa Bayern Munich Kombe la Washindi la Ulaya mwaka 1967. Zebec akaipa klabu hiyo hiyo ligi na kombe la Ujerumani mwaka 1969. Vujadin Boškov, kiungo wake wa miaka ya hamsini, alifundisha Real Madrid, kisha akaipa Sampdoria ubingwa wa Italia mwaka 1991, ubingwa wao pekee mpaka leo.

Na kuna mmoja anayetugusa huku kwetu. Blagoje Vidinić, kipa wa Yugoslavia katika ile fainali ya Paris na mmoja wa kikosi cha dhahabu ya Roma, ndiye kocha aliyeipa Zaire, yaani Kongo ya leo, Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1974, kisha akaipeleka Kombe la Dunia ikiwa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Kule Ujerumani walikutana na Yugoslavia, wakafungwa 9-0. Kipa wa zamani wa Yugoslavia alikuwa amekaa benchi la pili siku hiyo.

Mwisho wenye uchungu

Tirke aliishi muda mrefu vya kutosha kuona nchi aliyoichezea ikivunjika. Mwaka 1992 vita vilikuwa vimeshatapakaa. Timu ya taifa ya Yugoslavia ilikuwa imefuzu michuano ya Ulaya nchini Sweden, ikaondolewa siku chache kabla ya kuanza kwa sababu ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Nafasi yake wakapewa Denmark, wale wale aliowafunga Roma. Denmark ikaenda ikabeba kombe.

Desemba 13 mwaka huo huo, Aleksandar Tirnanić alifariki dunia Belgrade akiwa na miaka 82. Alikuwa ameanza na timu iliyosafiri nusu kwa sababu watu wa nchi moja hawakuelewana, na alimaliza wakati ambapo timu hiyo haikuruhusiwa hata kuingia uwanjani.

Katikati yake kuna medali tatu za fedha za Olimpiki, fedha moja ya Ulaya, na dhahabu moja. Wengi wangeishia kwenye fainali ya pili.